Macho Kwenye Ukili

Kwetu, ukimkuta mwanamke mtu mzima amekaa barazani na mikono mitupu, unamuuliza anaumwa wapi. Mikono ya bibi yangu sikuwahi kuiona imetulia isipokuwa akisali au akila, na hata kula alikula kwa haraka, kama mtu anayeitwa. Kilichomwita ni ukili, ule utepe unaosukwa kwa ajili ya mkeka. Alikuwa nao mapajani, ile sehemu iliyokwisha kusukwa kaikunja mviringo pembeni yake, na chane za ukindu kazifunga kwenye kitambaa chenye maji zisikauke zikakatika. Akienda kwenye maulidi alikwenda nao. Akienda kumtazama mgonjwa alikwenda nao, na mgonjwa akipata nafuu hakuuliza kaletewa nini. Aliuliza, "Umefika wapi?" na kila mtu chumbani alijua anauliza ukili.

Nazungumzia kijiji kilichoko nje kidogo ya Wete, Pemba. Ukishuka kilima unakuta bonde la mpunga, ukipanda tena unakuta mikarafuu, ukishuka tena bonde jengine. Ndivyo kisiwa kilivyo. Waarabu walikiita kisiwa cha kijani na hawakutia chumvi. Shamba la babu ni eka tatu, zile eka tatu walizogawiwa watu baada ya Mapinduzi ya 1964, na mikarafuu mingi iliyomo aliikuta imesimama, mikubwa, inataka mtu mwenye moyo wa kupanda. Kuna minazi, kuna migomba, kuna kipande cha muhogo, na kuna miembe miwili tunayogombania na popo. Simaanishi popo hawa wa darini. Ni wale wakubwa wenye manyoya mekundu ambao hawapatikani kokote duniani ila Pemba, na ambao wageni huja kuwapiga picha. Bibi aliwapiga mawe.

Babu alipenda kusimulia kimbunga cha 1872, kilicholaza mashamba ya karafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa sehemu kubwa imesimama. Alisimulia kama mtu aliyekuwepo, na mikono ikionesha miti inavyolala, ilhali mwaka ule hata baba yake alikuwa hajazaliwa. Kuanzia hapo, alisema, karafuu ikawa yetu. Na kama yetu, basi na kazi yake yetu.

Kazi yenyewe watu wa mbali hawaijui. Wanaona karafuu kavu kwenye pilau wanadhani ndivyo inavyoota. Karafuu ni ua ambalo halijachanua. Unaliwahi linapoanza kuona haya, kutoka kijani kuja wekundu mdogo, kabla halijafunguka, maana likishafunguka thamani imekwenda. Mti mmoja hauivi kwa pamoja. Unachuma leo, unarudi baada ya siku kadhaa, unarudi tena. Wanaume wanapanda juu na upembo wa kuvutia matawi, wanawake na watoto wanachuma ya chini. Tawi la mkarafuu halina subira na mtu. Halipindi likakuonya, linavunjika tu. Mjomba wangu anao mkono uliopinda kidogo kwenye kiwiko tangu nikiwa darasa la pili, na mpaka leo akiuona mkarafuu mrefu anausalimia kwanza.

Lakini raha ilikuwa usiku.

Karafuu zilizochumwa mchana zinaletwa nyumbani zikiwa bado kwenye vikonyo vyake, vishada vishada, zinamwagwa katikati ya jamvi chini ya karabai, na kijiji kinakuja. Huitwi. Ukiona mwanga kwa jirani unakwenda, kesho mwanga utakuwa kwako. Mnazunguka lile fungu, mnashika kishada, mnakisugua kwenye kiganja, karafuu zinaanguka upande huu na makonyo upande ule. Kuchambua, tunaita. Baada ya saa moja viganja vimekuwa rangi ya kahawa na vina ganzi kidogo, ile ganzi ya karafuu kwenye jino bovu. Mtoto anayejifikicha macho analia mpaka anapelekwa kisimani. Pembeni kuna birika la chai ya tangawizi, na sufuria la muhogo wa nazi na ng'onda ambalo halijawahi kutosha.

Katika kuchambua ndimo nilimosikia habari zote za dunia: nani kaposwa, nani kaposwa akakataa, nani alionekana bandarini Mkoani na mzigo usiokuwa wake. Wazee walitoa vitendawili, watoto wakalala palepale, wakabebwa wakinuka karafuu. Nimekaa mjini miaka mingi, nimealikwa kwenye hafla zenye viti vilivyovishwa vitambaa, na mara nyingi njiani narudi najiuliza kwa nini nimechoka hivi na sikufanya kitu. Nadhani jibu ni hilohilo, sikufanya kitu. Kukaa watu mia mnatazamana bila kazi mkononi ni adhabu.

Mchana unaofuata karafuu zinaanikwa juu ya majamvi, siku nne, tano, mpaka ziwe za hudhurungi na zivunjike kwa mlio. Kilo tatu mbichi zinakupa kama kilo moja kavu, kwa hiyo unatazama utajiri wako unavyosinyaa na unamshukuru Mungu kwa kila kinachobaki. Kisha linatokea wingu. Hakuna sauti ya furaha na hofu iliyochanganyika kama sauti ya bibi akiita "Mvuaaa!" kutoka uani. Aliyekuwa chooni anatoka. Aliyekuwa anasali anafupisha sura. Mnakamata pembe za jamvi watu wanne, mnakimbia nalo ndani kama mnaokoa maiti kwenye moto, na nusu ya safari mvua inaacha, jua linatoka, mnalirudisha. Siku moja tuliingiza na kutoa mara tano. Mara ya sita babu akasema, "Wacheni inyeshe," akakaa chini. Haikunyesha.

Karafuu zilikuwa za babu na za deni la duka. Makonyo yalikuwa ya bibi. Yale makonyo ambayo mtu angeyatupa, kule Wawi, karibu na Chake Chake, kuna kiwanda kinachoyakamua mafuta, na harufu yake inakupokea barabarani kabla hujaliona jengo. Bibi aliyatia kwenye polo, akayauza, na fedha hazikupita mkononi mwa mwanamume yeyote. Nguo zangu za Idd zote za utotoni zilikuwa makonyo. Viatu vyekundu vyenye kifungo, makonyo. Vileja vilivyojaa ndoo ya plastiki ambayo tulikatazwa kuigusa mpaka mwezi uandame, sukari yake makonyo, samli yake makonyo. Siku yenyewe tulipita nyumba kwa nyumba kutoa mkono wa Idd, yaani kuupokea, tukahesabu vijisarafu kwenye kiwanja cha sikukuu, tukavimaliza kwa aiskrimu za rangi na pembea ya mbao iliyosukumwa na kijana mwenye misuli ambaye dada zangu wote walimpenda kwa zamu.

Sasa turudi kwenye ukili, maana ndio ulionikalisha niandike.

Ukindu unatoka kwenye mkindu, ndugu yake mtende, unaopenda sehemu zenye maji maji. Unakata kuti changa kabla halijakomaa, unalianika siku kadhaa mpaka liwe jeupe, unalichana kwa ukucha chane nyembamba zilizo sawa. Hapo ndipo fundi anajulikana, kwenye usawa wa chane, kabla hata hajaanza kusuka. Zinazotakiwa rangi zinachemshwa na rangi ya unga ya dukani, kwenye sufuria ambalo halipikiwi tena chakula mpaka kiama. Zambarau, kijani, nyekundu. Miyaa ni kitu kigumu zaidi, cha majamvi na vikapu vya kazi. Ukindu ni wa mikeka ya wageni, wa misala, wa kawa la kufunikia chakula, wa vipepeo. Mkeka hausukwi mpana kama watu wanavyodhani. Unasuka ukili mmoja mrefu, upana wa vidole vichache, pima baada ya pima, miezi, na mwisho unaushona ukingo kwa ukingo kwa shazia, unakwenda na kurudi, mpaka ule utepe unakuwa kitu cha kulalia watu wawili.

Mimi nilifundishwa nikiwa na miaka tisa, na nilikuwa mbovu. Pandisha mbili, shusha mbili, ukifika ukingoni pinda. Nilisahau kupinda. Bibi aliuchukua ukili wangu, akautazama kwa muda, akasema, "Huu tutamshonea kuku." Kweli aliushona, mkeka wa kiasi cha sahani, na kuku mmoja mweupe akautagia.

Nilichochelewa kukielewa ni kwamba ule ukili haukuwa kwa ajili ya mkeka tu. Kwetu mtoto hamkodolei macho mtu mzima, na mtu mzima hamwambii mtoto jambo zito huku anamtazama usoni. Wote wawili watapasuka. Ukikaa na ukili, macho yana pa kwenda. Unaweza kusema neno ambalo ungelisema uso kwa uso lingekuwa ugomvi au kilio, ukalisema kwa sauti ya kuhesabu chane, na aliyeambiwa akalipokea bila kulazimika kuonesha sura yake. Kimya kikiingia hakiogopeshi, maana mikono inaendelea. Nimesikia watu wanalipa fedha mjini wakae chumbani wasikilizwe. Siwacheki, kila mtu na bahati yake. Ninasema tu kwamba barazani kwa bibi jambo hilo lilikuwa halilipiwi.

Nilipoposwa, babu alitoka akaenda kuitazama mikarafuu. Hiyo ndiyo ilikuwa kalenda. Mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Kuna mwaka inabeba mpaka matawi yanainama na kuna mwaka inakutazama tu. Akarudi akasema itafaa, harusi iwe karafuu zikimalizika, na mahari wasitukimbize. Mama alitaka iwe Mfungo Mosi kama watu wote. Wakabishana wiki nzima kupitia kwangu, kila mmoja akinituma nikamwambie mwenzake. Bibi hakusema kitu. Kesho yake nilimkuta anachemsha zambarau.

Nikawa nakwenda kukaa naye kila jioni, tunasuka wote, yeye mkeka, mimi vipepeo, maana ndivyo nilivyoaminiwa. Babu alikuwa ananiita mke wangu, kama mababu wote, na bibi akaniita mke mwenzangu, na katika ule utani wa mitara ndimo alimopitisha mambo ambayo mama yangu asingeweza kuyatamka. Kungwi aliletwa baadaye, kwa heshima na adabu zake, lakini ukweli ni kwamba alinikuta nimeshahitimu.

Jioni moja, pandisha mbili, shusha mbili, akasema, "Miye babu yako si mume wangu wa kwanza."

Sikuinua uso. Nilihisi nikiinua atanyamaza.

"Niliolewa na mtu wa Kojani. Mvuvi. Akenda dago na wenzake, wenzake wakarudi. Nikamngoja misimu miwili ya kaskazi. Nikasuka mkeka, nikisema akija aukute. Ukaja waraka wa talaka, kumbe kaoa huko alikokwenda."

"Ukafanya nini, bibi?"

"Nikauza mkeka."

Tukasuka. Kuku wakapita. Nikadhani hadithi imekwisha, na kooni nina donge.

"Nikanunua mbuzi," akasema. "Mbuzi mwenyewe hana adabu, akaingia kwenye muhogo wa watu. Mwenye muhogo akaja kugomba. Ndiye huyo babu yako."

Na babu, ambaye alikuwa upande wa pili wa ukuta anatengeneza pakacha na kumbe anasikia kila kitu, akapaza sauti: "Na muhogo wangu sijalipwa mpaka leo!"

Mama yangu hakuijua habari hiyo. Nilipomuuliza kwa kuzungukazunguka, akaniambia bibi aliolewa mara moja tu. Sikumsahihisha. Huenda yeye alikuwa na yake aliyoambiwa, ambayo mimi siijui.

Harusi yenyewe sitaisimulia yote, harusi zote zinafanana kwa aliyealikwa na hakuna mbili zinazofanana kwa bibi harusi. Nitasema kwamba wanaume walisonga bokoboko kuanzia usiku wa manane kwa miiko mirefu kama makasia, na mmoja wao akalala amesimama. Nitasema kwamba shangazi yangu alikuja kutoka Maskati na masanduku matatu na udi wa bei ambayo hakutaka kuitaja na aliitaja mara nne. Wasichana walikaa chini ya mwembe kufunga vikuba, asumini na mrehani na mkadi, na kilua cha mwisho wa msimu ambacho mtu alikitafuta mpaka kijiji cha tatu. Na usiku wageni walipokuwa wengi kuliko vitanda, yakatandikwa majamvi sebuleni, barazani, mpaka ukumbini kwa jirani. Yalikuwa majamvi yaleyale. Wiki chache kabla yalikuwa yamejaa karafuu juani. Asubuhi watu themanini waliamka kanga zao na kanzu zao zinanuka karafuu, na shangazi wa Maskati, aliyelala chini kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini, alikaa kitako akainusa mikono yake muda mrefu bila kusema neno. Alipoondoka, udi aliuacha. Alichopakia ni kawa mbili na bunda la ukindu mweupe, ingawa kusuka alisema ameshasahau.

Mkeka wangu ulifunguliwa siku ya tatu. Zambarau na kijani, miraba midogo midogo, ukingo mwekundu. Ila upande wa chini, kama shubiri mbili kutoka mwisho, zambarau inapauka ghafla, inakuwa karibu na ya maji ya zambarau, na inaendelea hivyo mpaka ukingoni. Nilikaa na jambo hilo miezi. Nilishawishika kwamba hapo ndipo alipofika jioni ile ya mvuvi wa Kojani, kwamba kuna maana, kwamba mkono wake ulitetemeka wakati wa kupima rangi. Nilipopata ujasiri nikamuuliza.

"Rangi iliisha," akasema. "Nikaongeza maji."

Siku hizi Wete na Chake mikeka ya plastiki imejaa madukani, inang'aa, ina picha za tausi na misikiti. Wako watakaotaka niililie. Sitaililia. Inaoshwa kwa sabuni, inakauka kwa nusu saa, haishiki ukungu wakati wa masika, na mwenye watoto wadogo wa kukojoa anajua ninachosema. Bibi mwenyewe anayo miwili, ameinunua kwa fedha za makonyo, na wageni wa kawaida anawatandikia hiyo. Kinachonikera ni kitu kingine kidogo: wale wanaonunua mkeka wa ukindu barabarani na kumkatia mwanamke bei mpaka nusu, kisha wanautundika ukutani na kuwaambia wageni wao kwamba umesukwa kwa mkono. Kama unajua umesukwa kwa mkono, ulikuwa unabishania nini?

Babu alifariki mwaka ambao mikarafuu ilibeba sana, akawa amekufa na kazi imemwelemea kila mtu, jambo ambalo lingemfurahisha. Karafuu hazingoji matanga. Tulichambua tukilia, watu wa kuchambua na watu wa kuhani wakawa walewale. Bibi yupo. Jicho moja lina mtoto wa jicho na la pili linafuata, na anasuka kwa vidole tu. Bado chane zake ziko sawa kuliko zangu. Kilichonishangaza ni kwamba mazungumzo yakiwa ya bei ya sukari anainua uso anautazama upande wako, hata kama hakuoni vizuri. Yakigeuka kuwa mazito, anainamisha yale macho yasiyoona juu ya ukili.

Desemba iliyopita nilikwenda na binti yangu, ana miaka kumi na miwili. Mjini huyu mtoto ni wa kujibu neno moja moja. Skuli ilikuwaje? Poa. Unaumwa? Hapana. Nimejaribu kila mbinu, nimemkalisha mezani, nimemtoa matembezi, nimezima televisheni tukatazamana. Poa. Siku ya nne pale kijijini nilirudi kutoka kwenye karafuu, nimebeba kikapu kichwani, nikapita nyuma ya nyumba. Nikasikia sauti yake. Anasema, na anasema kwa mfululizo, kwa sauti ya chini, sentensi ndefu ambazo sijazisikia kutoka kwake tangu akiwa na miaka saba. Nikachungulia. Amekaa barazani miguu kainyoosha, ukili mbovu wenye ukingo uliosahauliwa kupindwa umelala mapajani mwake, na pembeni bibi ameinamisha uso.

Nikapiga hatua moja, chane zikalia chini ya mguu wangu. Mtoto akanyamaza.

Bibi hakugeuka. "Mke mwenzangu," akasema, "hebu katazame chai jikoni isije ikamwagika."

Nikaenda jikoni. Chai ilikuwa haijabandikwa. Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi, mikono mitupu, nikangoja.